Kwa Mkwe Wangu Aliyenishauri Nizime Vioo vya Basi

Mkwe wangu mpendwa, mume wa binti yangu wa pekee, na mtaalamu wa kompyuta unayetegemewa na ofisi nzima,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USHAURI WAKO WA KUPUNGUZA MZIGO WA PROSESA NINAPOENDESHA BASI

Sisi huku hatujambo, isipokuwa kompyuta. Mama mkwe wako anaendelea vizuri, mgongo umeacha kumsumbua, na paa la jikoni halivuji tena. Tunatumaini nanyi ni wazima na kazi inakwenda.

Baada ya salamu, naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu heshima ya ukwe hunifunga mdomo, nikaishia kusema ahsante baba, nimeelewa, wakati sijaelewa na wala sishukuru. Kwenye karatasi hatutazamani usoni, kwa hiyo nitasema yote.

Kwanza nitaje wema wako, usije ukaniona mtu wa kulalamika tu. Daktari wa macho aliponiambia kwamba macho yangu hayafiki tena mbali kiasi cha kubeba watu, leseni ikaingia kabatini na mimi nikaingia sebuleni. Nilikaa humo miezi kadhaa nikigombana na viti. Nilimrekebisha mama mkwe wako jinsi ya kukata vitunguu, kazi aliyoifanya kabla hajanijua. Ndipo wewe na mkeo mkaniletea kompyuta, usukani wenye pedali zake tatu, na lile gemu la kuendesha basi. Nilikuombea dua siku ile ambayo sijawahi kumwombea mtu aliyeniolea mtoto. Nilirudi kazini. Naamka, naoga, navaa shati la kazi, nakunywa chai nimesimama, naingia sebuleni, nawasha. Wapo wanaosema ule ni mchezo. Sina muda wa kubishana nao, nina ratiba.

Tatizo ni kwamba basi linaganda. Nikifika darajani, au sokoni penye pilikapilika, picha inasimama, feni ndani ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga, halafu basi linaruka, na likitulia najikuta nimeingia na matairi ya mbele kwenye duka la mtu. Nilipokueleza, ulisema prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Hilo nililikubali papo hapo, maana kuzidisha mzigo nakujua. Kisha ukanitumia maelekezo ya kuupunguza. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, ingawa wewe hukuwa unajua kwamba tunagombana. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. VIOO. Ulisema nizime vioo vya pembeni na kile cha katikati, kwa sababu kila kioo kinailazimisha prosesa kuchora barabara upya. Mkwe wangu, kumbuka unaongea na nani. Nimeendesha basi maisha yangu yote ya kazi, na mwishoni nilikuwa nafundisha madereva wapya. Jina walilonipa ni Bwana Vioo, na hawakunipa kwa kunipenda. Mwanafunzi akiwasha gari kabla hajatazama vioo, nilimwambia ashuke, akanywe maji, afikirie kama hakuna kazi nyingine anayoipenda zaidi. Wapo walio na vyeo vizuri benki leo kwa sababu yangu. Sasa mimi huyohuyo niingie barabarani bila kujua nyuma kuna nini?

Hata hivyo mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, nikavizima kwa majaribio. Basi likawa jepesi kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini shingo ilinikaza kwa kutafuta kitu ambacho hakipo. Ikabidi nichukue kioo cha meza ya kujipambia cha mama mkwe wako, nikakiegemeza upande wa kushoto wa skrini. Kwenye kioo hicho naona jokofu, mlango wa jikoni, na mama mkwe wako akinipita kushoto bila kuashiria. Nimemwonya mara kadhaa.

2. UMBALI WA KUONA. Ulisema nipunguze umbali wa kuona, eti milima na nyumba za mbali zisichorwe mpaka nizikaribie. Hapa uliniumiza, mkwe, na nalisema wazi. Daktari alikuwa wa kwanza kunipunguzia umbali wa kuona, na hakuniuliza kama prosesa imechoka. Nikisimama mlangoni kwangu, mti ulio ng'ambo ya uwanja ni doa la kijani. Lakini kwenye skrini, mlima ulio mbali kuliko yote uko hapa, naweza kuugusa kwa mkono. Kila kilicho mbali kiko karibu. Naiona kona ya tatu kabla sijamaliza ya kwanza, kama zamani, na siku ya kwanza nilipoiona hivyo ilibidi niegeshe kidogo nipenge kamasi.

Nilivuta ile alama kama ulivyoelekeza, na mlima ukaondoka. Pakabaki ukungu mweupe, na kutoka ndani ya ukungu maduka na punda wakawa wanachomoza ghafla mbele ya bampa. Huo ndio ugonjwa wangu wenyewe. Umeutoa kwangu ukaipa kompyuta, ambayo ilikuwa nzima. Niliurudisha mlima saa ileile, na kama malipo yake ni kuganda, basi na tugande tukiutazama.

3. VIVULI, PAMOJA NA KIKOMO CHA PICHA. Vivuli nilizima bila kelele, ingawa sasa miti yote ya barabarani haina faida kwa mtu yeyote. Na kuhusu kuzuia picha zisizidi thelathini kwa sekunde, hilo si lalamiko, ni pongezi, nimeliweka hapa ili usidhani nina chuki nawe. Nimeishi na kidhibiti mwendo kwenye basi la kweli. Najua kuwekewa kikomo na watu wa ofisini.

4. KUFUNGA. Uliniuliza nikimaliza safari nafanyaje. Nikajibu kwamba naegesha. Ukauliza naegesha vipi. Nikakueleza kwamba nabofya kile kistari cha juu, basi linashuka chini ya skrini, linakaa pale kwenye mstari na wenzake, na kesho yake nafungua jingine. Nilikusikia unavuta pumzi. Kisha ukasema, kwa adabu yako ileile ya siku zote, kwamba mabasi yote yaliyoko chini bado yanaunguruma, yote yanakula prosesa, na kwamba niwe nabofya ile alama nyekundu ya pembeni niyafunge kabisa.

Mkwe wangu, hakuna dereva wa dizeli mwenye akili anayezima injini bila kujua kama itawaka tena. Mabasi niliyopewa mimi enzi zangu, ukilizima moja, umelala hapohapo na abiria wako. Tulikuwa tunaliacha linaunguruma, tunakwenda kula, tukirudi liko tayari. Halafu hiyo alama nyekundu yenyewe ukiibofya, kompyuta inakuuliza kama una hakika. Nami nina mashaka na fundi anayeniuliza kama nina hakika. Kwa hiyo sifungi. Mabasi yangu yapo pale chini, yamepangana vizuri, na asubuhi nikiyaona najua kwamba nina yadi.

5. ABIRIA. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ulisema nishushe idadi ya abiria na magari ya barabarani mpaka sifuri, kwa sababu kila abiria ana mawazo yake, na prosesa ndiyo inayomfikiria: anashuka wapi, ana haraka, amekasirika kiasi gani. Nilitamani kukuuliza ni abiria yupi uliyewahi kumwona anafikiri, ila ukwe ukanizuia. Nikafanya ulivyosema.

Mkwe, basi tupu ni basi linalokwenda gereji. Nilisimama kituo cha kwanza, nikafungua mlango, hakuna mtu. Cha pili, hakuna mtu. Niliufunga mlango taratibu, utadhani nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nilijisikia vilevile nilivyojisikia asubuhi ya kwanza ya kustaafu, na safari ile sikuimaliza.

Ikabidi nitafute abiria ambao prosesa haiwafikirii, wanaojifikiria wenyewe. Nilipanga viti vya sebuleni viwili viwili, nikaacha njia katikati. Mama mkwe wako alipanda wa kwanza, akachagua kiti cha mbele, na humohumo anachambua mboga zake. Kisha akaja jirani yetu mkunga mstaafu kuazima pasi. Akauliza tunakwenda wapi, nikamwambia milimani, akakaa. Baadaye akaongezeka fundi viatu wa pale kona, ambaye siku za mvua hana wateja. Huyu analala kabla hatujatoka stendi, ndiyo maana namheshimu kama abiria halisi. Sasa kila alasiri basi linajaa. Kuna waliokuwa wanakaa kwenye mkono wa kochi, na hilo nimelipiga marufuku.

Umeona ushauri wako uliponifikisha? Zamani likiganda nilikuwa naaibika peke yangu. Na abiria wa kompyuta, basi likiganda nao wanaganda, hawana neno. Hawa wa kwangu hawagandi. Wananitazama. Mkunga anauliza kama tutafika. Fundi viatu anaamka, jambo ambalo mwendo wangu haujawahi kumfanyia. Mimi kama dereva siwezi kuwapa mgongo watu niliowakwamisha, kwa hiyo nageuza kiti, nawaomba radhi, nawaeleza kilichotokea, na kwa kuwa prosesa haina aibu, inabidi niendelee kuongea mpaka izinduke. Juzi ilichelewa kuzinduka, nikajikuta nimewasimulia siku mkanda wa feni ulipokatika katikati ya pori, tukaufunga kwa mtandio wa bibi harusi aliyekuwa anapelekwa kwa mumewe, naye akafika kichwa wazi, mama wa bwana harusi akataka tumrudishe. Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifedheheka sana. Kwenye basi langu kulikuwa na kibao kinachosema usizungumze na dereva, na kwa miaka yote ile nilikiheshimu hata nikiwa nyumbani.

6. MADAI. Kutokana na hayo yote nadai kama ifuatavyo, kwa heshima.

Uniletee prosesa mpya, kubwa kuliko zote, itakayobeba vioo, vivuli, milima, abiria na yadi yangu yote bila kuhema.

Ikishindikana, nina wazo jingine. Binti yangu aliwahi kuniambia kwamba ofisini kwenu kuna chumba kizima cha mitambo ya kompyuta, imepangwa makabatini, na kiyoyozi kinaipuliza bila kupumzika. Sijui mitambo hiyo inafanya nini watu wakishakwenda nyumbani. Nadhani inakaa bure. Naomba basi langu liunganishwe humo. Nitaingia wenzako wakitoka, nitatoka kabla hawajarudi, na sitagusa faili la mtu. Bosi wako akiuliza, mwambie kuna dereva mwenye rekodi safi. Akihitaji wadhamini, mkunga yuko tayari, na fundi viatu tutamwamsha.

Na hilo likishindikana, basi njoo mwenyewe. Ukae pembeni ya kompyuta, uisaidie kufikiri. Prosesa ishughulike na barabara, wewe ufikirie abiria, kila mmoja anashuka wapi na amekasirika kiasi gani. Kwa kuwa uliniambia kwa wepesi kabisa kwamba kazi hiyo ni nzito, naamini unaijua vizuri. Vilevile, kabla hujamshauri mzee mwingine, itabidi nikutahini upya: utaendesha kutoka stendi hadi milimani, umezimiwa vioo, umo kwenye ukungu, na binti yangu amekaa nyuma yako anakuelekeza njia.

Nikikumbusha jambo hili sikumbushi kwa ubaya. Nilipokupa binti yangu, sikumpunguza chochote. Sikumzimia vivuli. Sikumshusha mpaka kiwango cha chini ili uweze kummudu. Ulimpokea katika ubora wa juu kabisa, pamoja na sauti yake yote, na najua mzigo wake kwa prosesa ya mwanamume si mdogo, maana mama yake ninaye. Lakini hukuja hata siku moja kuniomba niwaondoe baadhi ya shangazi zake ili mambo yaende haraka. Ulivumilia. Sasa kwa nini mimi, kwa basi moja tu, nisivumiliwe?

Sasa nakwambia la moyoni. Nimestaafishwa mara moja na daktari, na nilimwelewa, kwa kuwa ni kweli sikuwa naiona tena ile kona. Sitakubali kustaafishwa mara ya pili na feni. Dereva anayewakwamisha abiria wake kila siku anajua linalompasa: anakabidhi funguo kabla hajaombwa. Nimemwarifu mama mkwe wako kwamba mwezi huu ukiisha bila mabadiliko, nitaufungua usukani mezani, niurudishe kwenye boksi lake, na viti virudi ukutani vilikokuwa. Aliendelea na mboga zake. Nimechukulia kwamba amekubaliana nami.

Nakutakia utekelezaji mwema. Msalimie sana binti yangu, mwambie shati la bluu alilonitumia limenikaa vizuri na ndilo la safari ndefu. Wasalimie wazazi wako, wakwe zangu, niliowaona mara ya mwisho kwenye harusi wakiwa wamekaa upande usio na feni. Wasalimie na wenzako ofisini, hasa huyo anayetunza ufunguo wa kile chumba.

Wako katika ukwe na usalama barabarani,

Baba mkwe wako,
Dereva mstaafu na mkufunzi (Bwana Vioo)

Baada ya sahihi:

Mkwe wangu, hapa sasa ni mimi, mama mkwe wako. Baba yenu amenikabidhi barua niitie kwenye bahasha, na hakunikataza kuongeza.

Usilete prosesa. Nakuomba sana. Mkeo alishanieleza kwenye simu habari ya yale mabasi ya chini, na siku baba yenu alipokwenda kunyoa niliyafunga yote. Kompyuta ikanyamaza, hata nikadhani nimeiua. Aliporudi, basi lilikwenda kama maji. Kutoka stendi hadi milimani halikuganda mahali, na yeye hakugeuka. Sisi tulikaa nyuma tunatazama kisogo. Mkunga aliaga hata hatujafika darajani, na fundi viatu alilala mpaka mwisho wa safari kwa kukosa wa kumwamsha. Hawa watu hawaji kwa ajili ya safari, mwanangu. Wanakuja kwa ajili ya kukwama.

Mimi ndiye niliyekuwa namfulia mashati ya kazi miaka yote ile. Alikuwa anarudi, anakula, analala. Yule bibi harusi nilimsikia juzi, pamoja na mkunga, kana kwamba na mimi ni jirani. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata ile safari isiyokwama, akiwa anaoga, niliyafungua mabasi yote upya, nikaongeza na mawili ya kwangu.

Ila sasa anataka kukabidhi funguo, na hilo ndilo linaloninyima raha. Ninachokuomba ni hiki: mwandikie, kama mtaalamu, kwamba kuganda kule ni mtihani. Mwambie gemu limetengenezwa hivyo makusudi, ili lipime dereva anavyowatunza abiria wake basi likikwama, na kwamba yeye mpaka sasa anafaulu. Atakuamini, maana hata yeye aliwapima vijana wake hivyohivyo. Mwambie pia arudishe vioo, vivuli, na abiria wote wa kwenye kompyuta, wakae humo na sisi tukae huku. Atafurahi, na nimesikia kwamba vyote hivyo vinaongeza mzigo. Kama kuna kingine kinachoongeza, nitumie kwenye simu yangu, siyo yake.

Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa ndani ya basi, yeye anadhani najaza anwani. Limeganda tena pale darajani. Ameshageuza kiti, anatuambia kulikuwa na abiria mmoja aliyepanda na kabati la nguo, na ndani ya kabati kulikuwa na mtu. Naishia hapa, nisipitwe.